Meli yafika alfajiri, ndege ni asubuhi hiyohiyo: tutawahi?

SWALI: Assalaam aleikum Mjomba, natumai u mzima. Nakuandikia kutoka Tudor. Kaka yangu yuko Marekani miaka mingi, sasa mwaka huu kaamua kumpa mamaetu zawadi, katukatia mimi na mama meli ya kitalii siku saba, inatoka Miami inazunguka visiwa vya Karibiani halafu inarudi palepale Miami Jumapili asubuhi. Mama ana miaka 68, ana sukari na goti lamsumbua, ngazi kwake ni mtihani. Kwenda sina wasiwasi, mashaka yangu ni kurudi. Karatasi ya meli yasema inafika 6:00 asubuhi. Kaka katukatia flaiti ya Miami kwenda New York saa 10:15 (yaani saa nne na robo) asubuhi hiyohiyo, halafu tiketi nyengine mbali ya New York mpaka Nairobi mpaka Mombasa, hiyo yaondoka saa kumi alasiri. Yeye asema masaa manne yatosha na kubaki, ati eapoti iko karibu na bandari. Mimi roho yanidunda. Tutawahi?
Zuhura, Tudor

JIBU: Waaleikum salaam Zuhura mwanangu. Sitazunguka: hiyo flaiti ya 10:15 msiitegemee, mwambie kaka aibadilishe sasa hivi maadamu siku bado ziko. Mimi nimetumika miaka tisa kwenye meli za abiria, nimeanza kwa kusafisha makabini, na ile asubuhi ya mwisho ya safari naijua kama ninavyojua njia ya kwetu Kuze. Watu wengi wanaokosa ndege si wazembe, ni watu waliohesabu vibaya tangu siku ya kukata tiketi, kama alivyohesabu kakako.

Kosa lake liko hapo kwenye "inafika 6:00". Hiyo ni saa ya meli kugusa gati, si saa ya wewe kushuka. Meli ikishagusa bado kufungwa kamba, bado ngazi kuwekwa, bado maafisa wa Marekani kutoa ruhusa, na kwa wakati huohuo mabegi ya watu elfu tatu ama nne yanateremshwa kwenye makreti ya chuma yanapelekwa kwenye banda yapangwe. Abiria wa kwanza kwa kawaida wanaanza kutoka mida ya saa moja, saa moja na nusu, na wa mwisho mpaka saa tatu na nusu huko ama saa nne. Mnatoka kwa makundi, kila kundi na rangi yake ama namba yake ya tagi, na namba yenu isipoitwa mtakaa tu, hata mkiwa na ndege ya dakika ile.

Sa wewe usihesabu kwenda mbele kutoka saa kumi na mbili kama kaka, hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye ndege. Ndege 10:15. Kaunta ya mabegi kwa safari za ndani ya Marekani mashirika mengi hufunga dakika 45 kabla, hapo ushakuwa 9:30, yaani saa tatu na nusu, na hiyo ndo saa ya kufungiwa mlango, si saa ya kufika. Jumapili asubuhi Miami haifiki meli moja, zinajipanga kadhaa kwa mpigo, na wote hao wanamiminika eapoti ileile, kwa hivo foleni ya begi na foleni ya ukaguzi si ya kuchezea, mnatakiwa muwe mshaingia eapoti saa mbili. Barabara ni kama kilomita 13, dakika ishirini ikiwa shwari, lakini ongeza foleni ya teksi pale nje ya bandari, weka nusu saa nzima. Maana yake saa moja na nusu asubuhi wewe na mamako muwe mmesimama nje ya jengo, mabegi mkononi. Na saa moja na nusu, kama nlivokwambia, ndo watu wa kwanza wanaanza kutoka!

Wako wanaowahi, ni kweli, wale wanaobeba mabegi yao wenyewe bila kusubiri yashushwe. Hao huruhusiwa mwanzo. Lakini hiyo yataka uyavute mabegi yako yote kwenye korido na ngazi, lifti asubuhi hiyo zinajaa mpaka unaziona zikipita tu, na mama ana goti. Mama muombee kiti cha magurudumu, tena muombe mapema siku mbili kabla, usingoje asubuhi. Ila ujue wenye viti wanakusanywa sehemu moja wasubiri wahudumu, na wahudumu hawatoshi, kila mmoja anasukuma mtu mpaka nje halafu anarudi kuchukua mwengine. Nimeona nusu saa, nimeona saa nzima. Ni msaada mzuri na mama anauhitaji, usimnyime kwa sababu ya ndege, badala yake badilisha ndege.

Jambo jengine ni pasipoti. Wenye pasipoti ya Marekani siku hizi wanapita mbele ya kamera wanaangaliwa uso wanaondoka. Sisi wenye pasipoti ya Kenya tunaweza kupita vivohivo, na tunaweza kuulizwa maswali mawili matatu na kuwekwa alama za vidole, si jambo la kutisha lakini ni dakika. Na kabla ya yote hayo fungua pasipoti sasa hivi uangalie viza: meli ikitoka Miami ikaenda visiwani mmeshatoka Marekani, mkirudi mnaingia upya, kwa hivo viza iwe ya kuingia mara nyingi. Ikiwa ni ya mara moja nisikilize vizuri, msiondoke Mombasa kabla hamjaulizia ubalozi.

Turudi kwa tiketi maana hapa ndo roho inaniuma. Utaniambia basi tukate flaiti ya Miami ya saa saba mchana. Kwa kushuka melini hiyo ni saa nzuri, mimi mwenyewe husema chochote kabla ya saa sita mchana usikiguse. Lakini Miami mpaka New York angani ni kama masaa matatu, mkitoka saa saba mnatua saa kumi, na saa kumi ndo ile ya Nairobi inaondoka. Haiwezekani. Na kwa vile ni tiketi mbili mbalimbali, yule wa ndege ya pili hakujui wala hana deni nawe, hatajali meli ilichelewa ama mama alisubiri kiti. Tena mabegi hayatapita yenyewe, lazima myachukue New York mkayachekini upya, na kaunta za safari za nje hufunga saa nzima kabla.

Halafu mwambie kaka aangalie zile herufi tatu kwenye tiketi. New York ina eapoti tatu kubwa, JFK, LaGuardia na Newark, na ndege ya kuja Nairobi moja kwa moja yaondokea JFK. Ikiwa ya Miami inatua LGA ama EWR mtalazimika kuvuka mji na mabegi, na Newark haiko hata katika jimbo la New York, iko New Jersey. Nimekutana na familia walioligundua hilo wakiwa tayari wamesimama kwenye mkanda wa mabegi.

Kwa hivo ushauri wangu ni huu: laleni usiku mmoja. Shukeni meli bila haraka, mama anywe chai yake, mtoke na kundi la mwisho, mlale Miami ama mlale New York, na ile ya Nairobi isogezwe Jumatatu. Najua hoteli ni pesa. Lakini tiketi ya kununua dirishani siku ileile ni pesa mara ngapi, na mama mwenye sukari kulala kwenye kiti cha eapoti nayo utaipigia bei gani? Kama kaka hawezi kusogeza, basi azikate zote upya kwenye tiketi moja kuanzia Miami mpaka Mombasa, ili flaiti ya kwanza ikichelewa watu wa shirika la ndege wenyewe wawatafutie nyengine. Lakini hata hapo meli ikichelewa hilo haliwahusu.

Na ikitokea, Mungu apishie mbali, mmeona kabisa ndege hamuiwahi, usinyamaze. Pigeni simu kabla haijaondoka. Usipotokea flaiti ya mwanzo ya tiketi na hujasema neno, mashirika mengi yanafuta na vipande vinavyofuata vya tiketi hiyohiyo, yaani hata ile Nairobi kuja Mombasa inakufa na wewe bado huna habari.

La mwisho kwako Zuhura, na hili nalisema kwa uzito. Usiku wa mwisho mtaambiwa muweke mabegi nje ya mlango wa kabini kabla ya saa nne ama tano usiku, yakiwa na tagi. Yakishaondoka hamuyaoni tena mpaka bandarini. Mwaka wangu wa tatu melini nlikuwa na abiria, bibi mmoja mtu mzima kama mamako, alfajiri kanifungulia mlango amejifunga shuka, mkononi ana kipochi kidogo cha plastiki kitupu, ananionyesha, maneno hayatoki. Insulini ilikuwa ndani ya begi la kijani, begi la kijani lilikuwa chini kabisa ya meli kwenye kreti pamoja na mamia mengine. Nguo za asubuhi nazo zilikuwa humohumo. Daktari wa meli alimsaidia alhamdulillah, lakini ile mikono yake inavotetemeka na kile kipochi naiona mpaka leo. Kwa hivo dawa za mama, kipimo cha sukari, biskuti, pasipoti zenu zote mbili, simu, chaja na nguo za kuvaa asubuhi, buibui lake na viatu vyake, viwe kwenye begi dogo mnalolala nalo. Ukimaliza kufunga, mwambie mama akuonyeshe dawa kwa mkono wake, usikubali aseme tu zipo.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Likoni. Msimu wa meli ukianza huwa napata kazi za kuchukua wageni wanaomalizia safari hapa Kilindini kuwapeleka eapoti ya Moi, wapande ndege ya Nairobi waunganishe kwenda kwao. Msimu uliopita niliambiwa na ofisi niwe getini saa mbili, ndege ilikuwa saa tano asubuhi, wageni wakatoka saa tatu na dakika arubaini, tukakuta malori Changamwe na ndege ikawaacha. Nlikatwa pesa yangu yote ya siku na ofisi ikasema ni mimi nimechelewa. Nifanyeje mara nyengine?
Dereva, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Ulionewa. Ulifika saa uliyoambiwa, aliyekosea ni aliyepanga, na kukatwa jasho lako kwa kosa la mtu wa ofisini si haki, nasema wazi.

Wewe una bahati moja ambayo mwenzako wa mjini hana: unakaa Likoni. Kila meli inayoingia Kilindini lazima ipite pale kwenye kivuko, feri zinaipisha, na watu wote wanasimama kuitazama. Hiyo ndo saa yako, si ile ya kwenye karatasi. Rubani wa bandari anaipandia huko nje kabla ya mlango, na kama bahari imechafuka ama kuna meli ya makontena inatoka, ile ya watalii itangoja. Ukiiona inapita feri, bado kwenda kufungwa gati namba 1 kwenye jengo la abiria, bado watu wa afya wa bandari watoe idhini, bado uhamiaji, bado forodha. Kutoka kupita feri mpaka mgeni kusimama mbele yako na begi, mimi siwezi kukuwekea chini ya masaa mawili, na meli ikiwa kubwa weka matatu.

Halafu barabara. Kwa ramani ni kama kilomita kumi tu, na Jumapili alfajiri unafika hata hujamaliza kuwasimulia wageni habari za pembe za Moi Avenue. Lakini daraja la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022 lilisaidia pale Kibarani, halikuondoa malori yanayotoka bandarini, na wewe unajua Changamwe ikishika hakuna njia ya kuchepuka. Masika ndo usiseme. Weka saa nzima hadi saa na nusu, na kaunta ya ndege za ndani ufunge hesabu dakika 45 kabla. Jumlisha uone: meli ya saa kumi na mbili asubuhi, ndege ya saa tano ni ya kubahatisha. Mimi ningewaambia ofisi wasimkatie mgeni ndege ya kabla ya saa nane mchana. Wengi wao ndege zao za kwenda Ulaya zinatoka Nairobi usiku, sa haraka ya asubuhi ni ya nini?

Na mvua ikiwa imeziba, ama ndege imeshaondoka, usisahau treni. Ile ya alasiri inatoka Miritini inafika Syokimau usiku, kama masaa matano ama sita, na Syokimau si mbali na JKIA, eapoti ya Nairobi. Kwa mgeni mwenye ndege inayoondoka baada ya saa sita usiku hiyo inaweza kumuokoa, lakini ni lazima umkatie tiketi kwa simu mapema, treni inajaa.

Kuna mitego miwili ya saa ambayo nataka uishike, inawapata madereva wetu kila msimu. Wa kwanza ni saa ya meli. Meli ikitoka Shelisheli ama Morisi, kule wako saa moja mbele yetu, na nahodha asipobadilisha saa mpaka usiku wa mwisho, mgeni anakuandikia ujumbe "08:00" kwa saa ambayo si yako. Muulize kila mara, ni saa ya meli ama ya Mombasa? Na ukimjibu mzungu usimwandikie "saa 2", yeye atasoma saa nane mchana. Andika 08:00, basi.

Mtego wa pili ni wa usiku, na huu unatupata sisi wenyewe zaidi kuliko wageni. Sisi watu wa pwani siku yetu inaanza magharibi, tukisema usiku wa Jumapili wazee wetu wanamaanisha usiku wa kuamkia Jumapili, ila kijana anaweza kuelewa usiku wa baada yake. Tiketi ikiandikwa Jumapili 00:50, hiyo ni Jumamosi usiku saa saba kasoro dakika kumi, mgeni awe eapoti Jumamosi saa nne usiku. Nimeona vijana wazuri tu, wenye gari safi, wanafika Jumapili usiku wanakuta ndege iliondoka usiku uliopita.

Na kila safari ofisi ikikupa muda, uombe kwa maandishi kwenye simu, na wewe uwajibu kwa maandishi kwamba muda haufai ikiwa haufai. Saa mgeni alipotoka getini piga picha ya gari na saa ionekane. Hapo atakayetaka kukukata ataanza kufikiri.

SWALI: Mjomba mambo. Mimi ni kijana wa Kisauni, nimepata kazi jikoni kwenye meli ya watalii, mkataba miezi minane. Wakubwa hapa mtaani wananiambia siku ya kushuka ukikosa ndege ya kurudi nyumbani unajilipia mwenyewe. Ni kweli? Sijui hata siku hiyo inakuwaje.
Baharia mpya, Kisauni

JIBU: Poa mwanangu, hongera na kazi, na hapana, si kweli. Ukimaliza mkataba kurudishwa nyumbani ni juu ya mwenye meli. Uko Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, mabaharia wanauita MLC, Kenya imeuridhia tangu 2014, na humo imeandikwa kwamba gharama za kukurudisha ni zake, na haruhusiwi kukuchaji pesa mwanzoni ati ni akiba ya tiketi ya kurudi, wala kukukata mshahara kwa ajili hiyo, isipokuwa uwe umefanya kosa kubwa kazini. Mtu yeyote hapa Mombasa akikuomba pesa ya tiketi ya kurudi kabla hujapanda meli, rudi nyumbani ukafikirie upya.

Siku yenyewe inakuwa hivi. Kwanza kwa kawaida mwenzako anayekupokea anatakiwa awe amepanda, maana meli haipendi kubaki na mtu pungufu, na yeye akichelewa nawe unaweza kuchelewa. Unakabidhi vifaa, unachukua mshahara wako wa mwisho, unachukua pasipoti yako na kitabu chako cha ubaharia ofisini, hakikisha kimepigwa muhuri kabla hujaondoka pale dirishani. Halafu ajenti wa meli anawachukua kwa basi, anawapitisha uhamiaji, anawapeleka eapoti ama hoteli. Abiria wakishuka nyinyi mko kazini, kwa hivo msitegemee kushuka nao.

Tiketi za mabaharia mara nyingi ni za aina yake, zinabadilishika kwa urahisi na zinakupa kilo zaidi za mzigo, lakini anayebadilisha ni ajenti, si wewe. Meli ikichelewa mpigie yeye, umwandikie na ujumbe, ukae palepale alipokuacha. Ile ya kusema ntajikatia yangu halafu nidai baadaye, usiifanye hata kama umechoka na nyumbani umepakumbuka vipi. Namba ya ajenti wa kila bandari uiandike kwenye karatasi uiweke ndani ya pasipoti, simu huzima chaji pale unapoihitaji.